Mkuu Aliyeuliza Nani Atabonyeza

Katika chumba cha mikutano cha chuo chetu, ghorofa ya pili, kulikuwa na viti kumi na viwili vya ngozi vinavyozunguka kama feni, na kimoja cha plastiki. Vya ngozi vilikuwa vya wakubwa. Cha plastiki kilikuwa cha mtu ambaye Mkuu wa Chuo alimwita "mwenye kubonyeza", na mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi, kwa sababu ofisi ya masjala ilikuwa chini ya ngazi na mimi ndiye niliyepatikana upesi.

Mchana nilikuwa karani wa masjala, jioni mwanafunzi wa kompyuta, hapo hapo chuoni. Chuo chenyewe kiko kati ya Thika na Ruiru, mahali ambapo zamani palikuwa na kahawa tupu na sasa ni ploti na nyumba za kupanga mpaka macho yanachoka. Saa kumi na moja nilifunga faili, saa kumi na moja na nusu nikafungua daftari. Kutoka ukarani hadi usomi ulikuwa mwendo wa hatua arobaini na chapati moja.

Mkuu alikuwa mama mfupi. Akikaa kwenye ngozi miguu yake haikugusa zulia. Lakini sauti yake, akiitoa yote, ingesikika Ruiru stesheni bila msaada wa mtandao wowote. Kila kamati ya teknolojia ilipokutana kuamua kununua kitu, iwe programu, seva, kamera au hata waya, aliwaacha wauzaji na madaktari wa falsafa waongee mpaka wakauke. Halafu aliinua kalamu yake ya risasi na kuuliza, "Na nani atabonyeza?"

Hakutaka kutajiwa idara. Alitaka mtu, jina lake na mahali anapokaa. Kama ni mama wa maktaba, aitwe. Kama ni bawabu, aitwe, na mtu mwingine ashike geti. Mtu huyo alikalishwa kwenye plastiki, kile kitu kikawekwa mbele yake, na kamati nzima ikamtazama akibonyeza. Hakuna aliyeruhusiwa kumwelekeza. Muuzaji akinyoosha kidole kusaidia, Mkuu aligonga meza. Nimeona wanaume wenye tai wakitokwa na jasho ndoo mbili huku bawabu akitafuta taratibu pale pa kuandika jina la mgeni.

Siku moja ilikuwa mashine ya kusoma vidole. Muuzaji alieleza kwamba kila mfanyakazi ataweka kidole asubuhi, na mashine itajua nani amefika na nani bado yuko kitandani. Wakubwa walifurahi sana. Mkurugenzi wa kompyuta, kijana wa digrii mbili na viatu vilivyong'aa kuliko projekta yake, alikuwa tayari amechagua ukuta wa kuitundika. Mkuu akaomba aitwe mpishi wetu, mama aliyeosha sufuria za chuo tangu chuo kikiwa madarasa manne katikati ya kahawa. Alikuja na aproni yake. Akaweka kidole gumba, mashine ikalia. Akaweka cha pili, ikalia. Akajipangusa, akajaribu vyote kumi, na mashine ikalia kama mbuzi aliyesahauliwa kwenye mvua. Maji moto na sabuni vilikuwa vimemlainisha vidole vikabaki laini kama mgongo wa kijiko.

"Sasa huyu ni nani?" Mkuu alimwuliza muuzaji.

Muuzaji alisema pengine vidole vina mafuta.

"Huyu amekuwa hapa kunishinda mimi. Mashine yako inasema hayuko."

Mashine ilirudi Nairobi siku hiyo hiyo. Mpishi naye alirudi jikoni akatangaza kwamba ameishinda kompyuta kwa mikono mitupu, na hadithi yake ilikuwa na ukweli mwingi kuliko nyingi ninazosimulia mimi.

Usidhani alikuwa adui wa mashine. Ni yeye aliyeleta intaneti hadi kwenye mabweni, na siku ya kuchimba mtaro wa waya alisimama humo na gambuti, akiwaambia vibarua wapi watakuta mwamba na wapi watakuta maji. Alikuwa profesa wa udongo. Alikuwa na ng'ombe na shamba kule Theta, na Jumatatu nyingine gari lake liliingia chuoni likinuka napia, yale majani ya ng'ombe. Lakini mezani kwake hakukuwa na kompyuta. Barua pepe zake zilichapishwa na sekretari, akazijibu kwa kalamu ya risasi pembeni mwa karatasi, na sekretari akazirudisha huko hewani. Simu yake ilikuwa ya vibonyezo, imefungwa kwa mpira ili betri isiruke. Wanafunzi walimcheka. Walimwita Shosho, yaani bibi, wakasema anaendesha ndege akiwa amekaa nje ya ndege.

Yeye hakuona aibu kuuliza. Mkurugenzi alipopendekeza kumbukumbu zetu ziende kwenye wingu, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akataka kujua hizo kompyuta za wingu zimewekwa katika nchi gani, nani ana ufunguo wa mlango wake, na tukikosana na mwenyewe tutavitoa vitu vyetu kwa njia gani. Mkurugenzi alisema atarudi na majibu. Alirudi baada ya wiki tatu, amekonda kidogo, na majibu yalikuwa mazuri, tukaenda kwenye wingu. Wengi walidhani maswali yake yalikuwa njia ya kukataa. Mimi niliyekaa kwenye plastiki niliona anauliza ili apate kukubali bila kuogopa.

Sasa niseme na upande wa pili, maana picha ya mtu bila kivuli ni ya kitambulisho. Alikuwa na hasira za haraka. Mlango wa mkutano ulifungwa saa mbili kamili, na hata daktari wa falsafa aliyechelewa alibaki kwenye korido kama mtoto aliyekosa sare. Na kubwa kuliko yote, huyu aliyemsikiliza kila mtu kabla ya kuamua, akishatia sahihi hakumsikiliza yeyote. Masikio yake yalifungwa kama duka siku ya mazishi. "Tumeshaamua," alisema, na kurasa zikafungwa. Tovuti ya chuo ilipakwa rangi ya zambarau ambayo iliumiza macho hadi ya watu wa Kiambu, na ilibaki zambarau muda wote aliokaa ofisini.

Kwa hiyo tabia zake zilikuwa mbili: masikio marefu kabla ya sahihi, na hakuna masikio baada yake. Siku ambayo ile ya kwanza ilikosekana, ile ya pili ndiyo ilituponza.

Chuo kilikuwa kimeweka alama za wanafunzi katika kompyuta kuukuu nyingi, kila idara na yake, na Baraza la Chuo likataka mfumo mmoja mpya kabla ya muhula kuisha. Siku ya kuamua walikuja wageni wa Baraza. Wageni wanahitaji chai, chai inahitaji meza, na meza ya chai iliwekwa pale pale penye kiti cha plastiki. Kiti kilipelekwa kwenye korido. Mimi nilikuwa nimepanda na faili, nikakikalia huko nje, karibu na mlango, nikisikia kila neno. Mpango ulikuwa hivi: watu wa kampuni watapita ofisi kwa ofisi, watahesabu kila kompyuta yenye alama, watahamisha alama zote kwenye mfumo mpya, na Ijumaa ya mwisho kompyuta za zamani zitazimwa. Mkuu aliuliza kuhusu umeme. Aliuliza kuhusu funguo. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa akitazama saa. Mkuu hakuuliza nani atabonyeza. Akatia sahihi.

Na sisi wa jioni tulikuwa na kompyuta yetu. Iliwekwa katika chumba kidogo kando ya kantini wakati masomo ya jioni yalipoanza, kwa sababu enzi hizo mtandao wa ofisi ulizimwa ofisi zikifungwa. Alama zetu za miaka yote zilikaa humo. Mlango wa chumba hicho ulifunguliwa saa kumi na moja na nusu. Watu wa kampuni walifanya kazi saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja. Kwa wiki nne walipita mbele ya kufuli letu wakielekea kula mandazi, wakadhani ni stoo ya kantini. Hakuna aliyewadanganya. Wao walijua mchana, sisi tulijua jioni, na kati yetu kulikuwa na nusu saa ambayo hakuna mtu aliyeivuka.

Isipokuwa mimi. Mimi niliivuka kila siku na chapati mkononi. Nilijiambia kwamba watu wenye kompyuta nyembamba vile hawawezi kukosa kuona mlango.

Ijumaa ikafika, za zamani zikazimwa. Mkuu, ambaye hakutupa hata bahasha iliyotumika, aliamuru mashine zote kuukuu zipewe shule ya msingi kule Theta. Mtu wa stoo alipita na funguo zake zote, akafungua kila mlango, akachukua kila kitu kilichoonekana kizee, na yetu ilionekana kizee kuliko zote. Kulikuwa na kwaya, picha na hotuba. Mkuu kwenye picha anatabasamu, mkono juu ya kompyuta yetu.

Wa kwanza kugundua alikuwa Mama Nekesa. Huyu alikuwa darasani kwetu, mama aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha nguo Thika na kukaa Kamenu, na alikuwa ametupita wote kwa umri na kwa bidii. Kwa miaka minne alibadilishana shifti na wenzake ili afike darasani, na wakati mwingine alifika na nyuzi kwenye nywele. Mahafali yalikuwa karibu. Jioni ya Jumatatu alifungua mfumo mpya aone alama zake, akaandika namba yake, na mfumo ukamwambia hakuna rekodi. Tukaandika zetu. Hakuna rekodi.

"Yaani mimi sijawahi kuja hapa," Mama Nekesa alisema. Alisema taratibu, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani.

Asubuhi nilipanda ghorofa ya pili bila kuitwa. Nilimweleza Mkuu kuhusu chumba, kufuli na nusu saa. Aliweka kalamu chini.

"Na siku ile ulikuwa wapi?"

"Nje, Madam. Kwenye kiti."

Nilingoja radi. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Mimi ndiye niliyekuweka nje," alisema. "Leta jaketi, twende Theta."

Tulienda watatu, yeye, Mkurugenzi na mimi. Shuleni tulipokelewa na mwalimu aliyefurahi kama bwana harusi. Alituonyesha chumba chake kipya cha kompyuta. Alisema zilikuja zimejaa vitu vya zamani, zikawa nzito, kwa hiyo wikendi nzima hakulala, amezifuta zote, amezijaza upya, sasa zinakimbia. Mkurugenzi alishika ukuta. Kwenye kioo cha kompyuta yetu, pale zilipokuwa alama za miaka minne, mtoto alikuwa amechora ng'ombe wa kijani.

Mkurugenzi alikaa na mashine ile zaidi ya saa mbili, viatu vyake vikipakwa vumbi la Theta, kisha akatikisa kichwa. Mkuu alikuwa bado anamtazama ng'ombe.

"Miguu sita," alisema. "Angalau huyu hataanguka."

Alimshukuru mwalimu kwa kazi nzuri. Hakumwambia neno lolote la kumharibia siku, na kompyuta akaiacha pale pale. Garini ndipo aliposema, bila kugeuka, kwamba tusimlaumu yule mwalimu hata ndotoni. Alifanya alichopewa.

Jioni hiyo alikuja darasani kwetu, peke yake, akiwa na gambuti zenye vumbi la Theta. Tulitegemea hotuba. Alisema kwamba alama zetu zimefutwa, kwamba ni yeye aliyetia sahihi bila kuuliza alichokuwa akiuliza kila mara, na kwamba hajui bado atafanya nini ila mahafali hayatafanyika bila sisi. Mwanafunzi mmoja nyuma aliuliza kama Mkurugenzi atafutwa kazi. Akasema sahihi haikuwa ya Mkurugenzi.

Mama Nekesa alisimama. "Madam, pole unaweza kusema. Lakini mimi siwezi kumwambia supavaiza wangu pole, nirudie miaka minne."

"Hapana, Mama," Mkuu alisema. "Huwezi."

Basi ikaanza kazi ambayo nikiisimulia watu hudhani nimeongeza chumvi, na nimeongeza, lakini si sana. Kila mwalimu aliyewahi kufundisha jioni alitafutwa atoe karatasi zake za alama. Zilitoka kwenye kabati, kwenye buti za magari, ndani ya Biblia, chini ya godoro. Moja ilikuja na basi kutoka Kisumu ndani ya mfuko wa omena, dagaa wa ziwani, na mpaka leo nikifungua faili ile nahisi njaa. Makarani waliingiza alama, na kila mwanafunzi alikaa kando ya karani akasoma yake kabla haijahifadhiwa. Mkuu alikuja kila jioni, akakaa kwenye benchi pamoja na waliokuwa wakisubiri zamu. Baraza lilitaka mahafali yafanyike tarehe iliyopangwa, wa mchana wahitimu, wa jioni wangoje mwaka mwingine. Mkuu aliwaandikia kwa kalamu ya risasi kwamba atasogeza tarehe mbele, na sekretari ameniapia kwamba hakubadilisha hata nukta alipochapa.

Tulikamilika wote, isipokuwa Mama Nekesa. Somo moja lake halikupatikana, lile la hifadhidata, yaani somo la jinsi ya kutunza kumbukumbu ili zisipotee, na hapo sina la kuongeza. Alilifanya na kundi lililotutangulia, mwalimu wake alikuwa wa mkataba, amehamia ng'ambo, na karatasi zake alizichoma alipokuwa akihama nyumba. Sote tulijua Mama alifaulu. Tulikumbuka siku aliyopata alama zake, alinunua soda za darasa.

Mkurugenzi, kwa huruma, alipendekeza apewe wastani wa masomo yake mengine. Walimu wakakubali. Mimi nilikuwa kwenye plastiki siku hiyo, maana kiti kilikuwa kimerudishwa, na nilikuwa tayari kubonyeza.

Mkuu akakataa.

Alisema mfumo tumeununua ili useme ukweli. Tukianza kuuandikia alama tunazozikisia, hata kwa upendo, kesho mwingine atazikisia kwa sababu nyingine, na hakuna mtu atakayeamini hata zile za Mama Nekesa zilizo za haki. Afanye mtihani tena, wakati autakao, bila karo, na mwalimu wa kumsaidia. Nilimchukia siku hiyo. Naandika hivyo wazi. Nilimwona kama yule yule wa tovuti ya zambarau.

Mama Nekesa aliitwa akaambiwa. Alisikiliza akiwa amesimama. "Mimi nilishafanya," alisema, akachukua mkoba wake, akaondoka, na hakurudi. Mahafali tulihudhuria bila yeye. Nilivaa joho, nikapigwa picha zaidi ya bibi harusi watatu, na nilipopanda jukwaani Mkuu alinipa mkono huku akitazama nyuma yangu, kwenye safu yetu, pale palipobaki nafasi.

Mwaka uliofuata alistaafu. Alikabidhi ofisi, akaenda kwa ng'ombe wake. Mimi nilipandishwa kutoka masjala hadi fundi wa maabara ya kompyuta, masomo ya jioni, na mrithi wa Mkuu akabadilisha rangi ya tovuti siku ya kwanza. Nilisikia tu kwa watu wa Kamenu kwamba kuna mama mfupi anaonekana huko Jumapili baada ya kanisa, na galoni ya maziwa, akigonga mlango mmoja.

Mwezi wa kwanza wa muhula, saa kumi na moja na nusu, nilikuwa nawasha mashine za somo la hifadhidata. Wanafunzi wakaingia, vijana karibu wote, wanasalimiana niaje na poa. Nyuma yao akaingia Mama Nekesa, amevaa nguo ya kanisani. Nyuma yake Mkuu, daftari kwapani.

Nilisimama kama askari. Mama Nekesa akaniambia nikae, nisimvimbishe huyu kichwa. Kisha akanisimulia, Mkuu akiwa pale pale anachonga penseli. Mara ya kwanza Mkuu alipogonga mlango wake, alimfukuza. Mara ya pili alichukua maziwa akafunga mlango. Mara ya tatu walizozana hadi majirani wakatoka. Mara ya nne alichoka.

"Nikamwambia, nitarudi siku wewe utakaa dawati la kando yangu. Nilitaka aende zake. Si akaniuliza darasa linaanza lini."

"Nimetia sahihi mambo haya miaka mingi," Mkuu alisema. "Wacha nione ni nini."

Nimewahi kuona wanafunzi wagumu, lakini huyu alikuwa mwamba. Alinyoosha mkono kuuliza mpaka mwalimu akaanza kuongea akiwa amempa mgongo. Kipanya kilimshinda wiki tatu. Kilikimbia mezani kama kina mkia wa kweli, na Mama Nekesa akawa anamshika mkono na kumwambia, "Polepole, Madam, hiyo si jembe." Vijana walicheka, yeye akacheka nao. Lakini walipofika mahali ambapo data inahifadhiwa mara mbili, ili moja ikipotea nyingine ibaki, hakucheka. Aliandika kurasa tatu, akapigia mstari, akamwomba mwalimu arudie. Mama Nekesa alimtazama akiandika, na kutoka jioni ile nikaona amelegeza mabega.

Walifanya mtihani siku moja, chumba kimoja. Jumamosi ya wiki iliyofuata mwalimu alinikabidhi alama, nakala mbili za karatasi na mbili za mtandaoni, maana hiyo sasa ndiyo sheria yetu. Nilipofungua maabara nilikuta wawili hao kwenye ngazi, wanakula mahindi ya kuchoma. Walisema walikuwa wanapita tu. Kutoka Kamenu na kutoka Theta, wanapita tu.

Nikaingiza. Mkuu alikuwa amepata hamsini na nane. Alisoma bila kupepesa, akasema swali la nne alijua amelikosea, nimpe mwalimu salamu. Kisha nikaingiza ya Mama Nekesa. Sabini na tatu. Namba yake, jina lake lote, masomo yote yamejaa kutoka juu hadi chini, na mwishoni neno moja: amehitimu.

Mama Nekesa alijipangusa mikono kwenye sketi, moja, kisha nyingine.

Mkuu aliinama karibu na kioo. "Funga," aliniambia. Nikafunga. "Fungua." Nikafungua. Jina lilikuwepo.

"Zima mashine kabisa."

Nikaizima. Tukangoja watatu gizani mwa kioo kile, kisha nikaiwasha, ikachukua muda wake kama kawaida, nikaandika namba. Jina lilikuwepo.

"Madam, twende," Mama Nekesa alisema. "Niko."

"Najua, Mama," Mkuu alisema, na hakusogea. Akanigusa bega. "Mara moja tu tena."

Nikaizima tena.